SOMO LA 11: KUENDESHA DUKA DOGO LA VICHEZEO MTAANI
(Mfano wa Chake Chake, Pemba)

Ukimaliza somo hili uweze: kueleza jinsi msimu unavyobadilisha mauzo ya duka la rejareja, kukokotoa gharama ya bidhaa zilizouzwa, faida ghafi na faida halisi, kutofautisha faida na fedha taslimu, na kueleza kwa nini duka lililopata faida linaweza kupungua mtaji.

Lengo la mwisho ndilo linalowaangusha watahiniwa wengi, na ndilo linalofunga maduka mengi mitaani. Tutakaa nalo zaidi kuliko mengine.

11.1 Duka lenyewe

Tuseme umerithi chumba kimoja cha biashara pale Machomane, Chake Chake. Upana wake ni hatua nne, na kina mlango wa mbao wa kukunja na rafu za pande tatu. Unauza mipira, wanasesere, magari ya plastiki, pia, tiara za karatasi na za nailoni, baiskeli tatu au nne za watoto zilizoning'inizwa darini, kalamu za rangi na puto. Hili ni duka la rejareja la mmiliki mmoja. Faida yote ni yako, hasara yote ni yako, na duka likidaiwa unadaiwa wewe mwenyewe pamoja na nyumba yako.

Wateja wako ni nani? Kwa sensa ya mwaka 2022 Pemba ina watu zaidi ya 540,000 katika wilaya nne: Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Usikimbilie kuandika kwenye mtihani kwamba soko lako ni watu hao wote. Soko lako ni wale wanaopita mbele ya mlango wako, pamoja na wale wanaoteremka daladala Chake siku ya shughuli zao za mjini na wanataka kumpelekea mtoto kitu nyumbani.

Biashara hii ina jambo lisilokuwepo katika duka la mchele. Anayetumia bidhaa ni mtoto, lakini anayelipa ni mzazi. Mtoto huangalia rangi na sauti. Mzazi huangalia bei, kisha hukigeuza kitu mkononi kuona kama kitamaliza wiki. Ukipanga rafu, weka vya kumvutia mtoto pale macho yake yanapofika, na bei iandikwe pale macho ya mzazi yanapofika. Bei iliyoandikwa humpunguzia mzazi aibu ya kuuliza kisha kuondoka.

Wako pia wazazi wasiopenda wanasesere wenye sura ya binadamu, au vichezeo vinavyopiga muziki, kwa sababu za dini. Usibishane nao. Weka mipira, vifaa vya kujengea, mafumbo ya kupanga herufi na vyombo vidogo vya jikoni, na utauza kwa nyumba zote mbili. Mtahini akiuliza "taja mambo yanayoathiri uchaguzi wa bidhaa za kuweka dukani", mila na imani za wateja ni jibu sahihi kabisa, na wengi hulisahau.

11.2 Mshindani asiyelipa kodi ya pango

Tukisema ushindani, wanafunzi huandika duka la jirani na wachuuzi wa barabarani. Ni sawa. Lakini kwa vichezeo, mshindani mkubwa zaidi ni mtoto mwenyewe. Mtoto wa Pemba hutengeneza gari kwa mkebe na vifuniko vya chupa, mpira kwa matambara na kamba, tiara kwa njiti za makuti na karatasi, na ngalawa ndogo ya kushindanisha ufukweni kwa kipande cha mti na tanga la mfuko. Kiuchumi vitu hivi vinaitwa bidhaa mbadala. Bei yake ni sifuri, na mara nyingi ni vizuri kuliko vyako.

Basi muuzaji anafanya nini? Anauza kile ambacho mtoto hawezi kukitengeneza, na anauza vipande vya kile anachokitengeneza. Uzi wa tiara unauzika vizuri kuliko tiara. Gundi, karatasi za rangi, magurudumu madogo na kamba ya pia ni vitu vya bei ndogo vinavyotoka kila siku, hata mwezi ambao hakuna anayenunua baiskeli. Vitu hivi huitwa bidhaa kamilishi, kwa kuwa hutumika pamoja na kingine.

11.3 Misimu miwili isiyokutana

Hapa ndipo Pemba inapotofautiana na mifano iliyomo katika vitabu vingi, ambavyo huzungumzia Krismasi tu.

Msimu wa kwanza ni Idi. Wakati wa Idi mtoto hupewa mkono wa Idi na wazee, majirani na jamaa, na kwa siku chache yeye ndiye mwenye pesa. Anakwenda kwenye viwanja vya sikukuu, kama vile Tibirinzi, akiwa na noti na sarafu zake. Kwa siku hizo mtumiaji na mnunuzi wanakuwa mtu mmoja. Ndiyo maana vitu vya shilingi 500, 1,000 na 2,000 huisha kabla ya vitu vya 15,000. Mtoto hatumii pesa yake yote mahali pamoja, anataka abakishe ya bembea na ya aiskrimu.

Msimu wa pili ni karafuu. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kikawa cha karafuu hasa. Mavuno makubwa huanza takriban Julai na kuendelea hadi mwisho wa mwaka. Mkulima hukausha karafuu zake na kuziuza kwa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC), na jioni ile ile pesa inaanza kuzunguka: bati, saruji, nguo, madeni ya zamani, na mara nyingine baiskeli ya mtoto. Mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, baiskeli hubaki darini.

Sasa angalia kalenda. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku 10 au 11. Idi el Fitri ya 2024 ilisherehekewa 10 Aprili. Ya 2025 ikawa 31 Machi. Mwaka 2012 Idi hiyo iliangukia Agosti, katikati ya uchumaji. Misimu miwili ilikutana, na mwenye duka alipata yote kwa mpigo. Miaka hii Idi inaangukia wakati pesa za karafuu zimeshakwisha na masika inakaribia au imeshaanza. Idi el Fitri huchukua zaidi ya miaka 30 kuzunguka kalenda nzima na kurudi palepale ilipokuwa.

Maana yake kwa biashara ni hii: kumbukumbu za mauzo za baba yako za miaka ya 2010 haziwezi kukupangia manunuzi ya leo. Sikukuu ni ile ile lakini uwezo wa mnunuzi umebadilika. Kwa sasa panga kuuza vitu vidogo wakati wa Idi, na vitu vikubwa wakati wa karafuu. Tena kumbuka kwamba wapo wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine na kusherehekea siku moja kabla. Bidhaa ziwe rafuni kabla ya tarehe 28 ya Ramadhani. Mzigo uliofika Idi pili ni mzigo wa mwaka ujao.

11.4 Kununua mzigo

Vichezeo vingi vinavyouzwa Pemba vimetengenezwa China na hupitia kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Darajani, Unguja. Kutoka huko huja kwa meli hadi bandari ya Mkoani, kisha kwa gari hadi Chake. Kila hatua ina malipo: mchukuzi wa kikapu, meli, bandari, gari. Malipo haya huitwa gharama za kuingiza bidhaa, nayo ni sehemu ya gharama ya bidhaa. Hayaingii pamoja na kodi ya pango na umeme.

Mfano. Umenunua gari la kuchezea kwa shilingi 5,000 Kariakoo. Mzigo wako wote ulikuwa wa 2,600,000 na usafirishaji ulikuwa 180,000. Usafirishaji ni asilimia 6.9 ya manunuzi, kwa hiyo gari lile limekufikia kwa takriban 5,346. Ukitaka kuongeza asilimia 40, utauza kwa 7,484, yaani 7,500. Aliyesahau usafirishaji ataongeza asilimia 40 juu ya 5,000 na kuuza kwa 7,000. Anadhani amepata 2,000. Amepata 1,654, na ongezeko lake halisi ni takriban asilimia 31.

Hesabu hii inagawa usafirishaji kwa thamani. Katika maisha, vichezeo hulipiwa kwa ukubwa wa boksi. Boksi la mipira iliyojazwa upepo linachukua nafasi ya maboksi matatu ya magari madogo, na thamani yake ni theluthi. Mwenye duka mzoefu hununua mipira isiyojazwa na kuijaza kwa pampu dukani. Mtahini hatakutaka ufike huko, lakini ukifungua duka utafika.

11.5 Usalama na sheria

Tupite haraka. Jina la biashara husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar (BPRA). Leseni hushughulikiwa na mamlaka ya mji. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano na hukusanywa na TRA hata Zanzibar. Kodi za ndani za Zanzibar hukusanywa na ZRA. Vitabu vya zamani vinaandika ZRB: ni chombo hicho hicho kabla ya kubadilishwa jina. Viwango vya ubora husimamiwa na Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS). Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Zanzibar kwa miaka mingi, kabla hata ya Tanzania Bara, ambako marufuku ilianza 1 Juni 2019. Fungasha kwa karatasi au kikapu.

Usalama wa bidhaa haufai kupitwa haraka. Alama ya duara jekundu yenye uso wa mtoto, maandishi 0-3 na mstari uliokatiza, maana yake kichezeo hakimfai mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa kawaida kwa sababu kina vipande vidogo vinavyoweza kumkaba. Hatari kubwa kuliko zote dukani mwako ni betri ndogo za duara kama kitufe. Mtoto akimeza moja na ikakwama kooni, inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Nunua vichezeo ambavyo kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Vile vinavyofunguka kwa ukucha visiingie rafuni, hata kama bei yake ni nusu. Na puto lililopasuka lisiachwe sakafuni penye mtoto anayetambaa.

11.6 Mfano kamili: kabla na baada ya Idi

Hizi ni takwimu za mazoezi za duka lako kwa miezi miwili, Shaabani na Ramadhani pamoja na siku za Idi.

Mwanzo ulikuwa na bidhaa za 1,200,000 na fedha taslimu 1,500,000. Hukuwa na deni. Mtaji wako basi ni 2,700,000.

Ulisafiri mara mbili. Safari ya kwanza ulinunua bidhaa za 1,400,000 na kulipa usafirishaji 100,000; pesa yote ya mkononi ikaisha. Safari ya pili, kwa pesa za mauzo, ulinunua za 1,200,000 na kulipa usafirishaji 80,000. Mauzo yote yalikuwa 4,200,000, na kati ya hayo 350,000 ni mkopo kwa majirani. Bidhaa zilizobaki ni za 980,000. Gharama za uendeshaji: pango 160,000, umeme 40,000, msaidizi 220,000, vifungashio 30,000.

Gharama ya bidhaa zilizouzwa:
Bidhaa za mwanzo 1,200,000
Ongeza manunuzi 2,600,000
Ongeza usafirishaji 180,000
Jumla 3,980,000
Toa bidhaa za mwisho 980,000
Gharama ya bidhaa zilizouzwa 3,000,000

Faida ghafi = 4,200,000 − 3,000,000 = 1,200,000
Gharama za uendeshaji = 450,000
Faida halisi = 1,200,000 − 450,000 = 750,000

Ongezeko juu ya gharama ni 1,200,000 ÷ 3,000,000 = asilimia 40. Faida ghafi kama sehemu ya mauzo ni 1,200,000 ÷ 4,200,000 = asilimia 28.6. Ni faida ile ile iliyopimwa kwa vipimo viwili. Ukisoma swali, tafuta kwanza kama limesema "ya gharama" au "ya mauzo".

Hadi hapa duka limefanya vizuri. Sasa fungua droo ya pesa. Katika siku hizo hizo ulitoa 450,000 kwa nguo na chakula cha sikukuu, 250,000 kwa mchango wa harusi ya ndugu, na 700,000 kwa bati za nyumba. Jumla 1,400,000. Huu ni utwaaji wa mwenye biashara. Hauingii katika gharama za duka, kwa hiyo hauonekani popote katika hesabu ya faida uliyoiona hapo juu.

Fedha taslimu:
Za mwanzo 1,500,000
Ongeza mauzo ya taslimu 3,850,000
Toa manunuzi na usafirishaji 2,780,000
Toa gharama za uendeshaji 450,000
Toa utwaaji 1,400,000
Fedha iliyobaki 720,000

Mtaji wa mwisho = 2,700,000 + 750,000 − 1,400,000 = 2,050,000
Hakiki: bidhaa 980,000 + wadaiwa 350,000 + taslimu 720,000 = 2,050,000

Duka limepata faida ya 750,000, na mtaji umepungua kwa 650,000. Hakuna aliyeiba na hakuna mzigo uliozama. Safari ijayo ya Kariakoo, badala ya kuondoka na milioni moja na nusu, utaondoka na laki saba na kidogo. Mzigo utakuwa nusu, wateja wataona rafu zina mapengo, nao watakwenda kwingine. Ikirudiwa hivyo Idi mbili au tatu, mlango unafungwa, na watu mtaani watasema biashara ya vichezeo hailipi.

Hakuna kosa katika kununua bati. Kosa ni kuzinunua kwa pesa ambayo hujaitenga. Njia ya kawaida ni mwenye duka kujiwekea kiwango cha kuchukua kila mwezi kisichozidi faida, na kuandika kila anachochukua, hata mpira aliompa mwanawe. Mpira ule nao ni utwaaji.

11.7 Daftari la madeni

Mwanafunzi anayesema "usikopeshe kabisa" hajawahi kuuza mtaani. Mama wa jirani atakuja na kukwambia: "Mwanangu, niwekee ile baiskeli, karafuu zikikauka nitakuja." Ukimkatalia, umempoteza yeye na dada zake. Ukimpa aondoke nayo, umempa mtaji wako hadi Novemba, na kama mikarafuu haikuzaa, hadi mwaka ujao.

Ipo njia ya kati, nayo ni kuweka kidogo kidogo. Baiskeli inashushwa darini na kufungwa karatasi yenye jina lake, naye analeta 5,000 au 10,000 kila apatapo. Kila malipo yanaandikwa katika daftari lako na katika kadi yake. Baiskeli inatoka dukani siku ya malipo ya mwisho. Mwambie kwa heshima: "Sawa mama, hii ni yako, hapana mwengine atakayeigusa." Kwa njia hii pesa yake inakuja kwako kabla ya bidhaa kutoka. Katika hesabu, malipo yale ya awali bado si mauzo: ni deni ambalo duka linadaiwa na mteja mpaka akabidhiwe baiskeli.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini mwenye duka wa Chake Chake aliyenunua bidhaa za Idi kwa kufuata kumbukumbu za mwaka 2012 anaweza kupata hasara leo. (Alama 4)

2. Kwa kutumia takwimu za 11.6, kokotoa wastani wa bidhaa na mara ngapi bidhaa zilizunguka. (Alama 4)

3. Wadaiwa wa 150,000 kati ya 350,000 wameshindwa kabisa kulipa. Onyesha faida halisi mpya na mtaji mpya wa mwisho. (Alama 4)

4. "Duka langu lina faida, kwa hiyo mtaji wangu unakua." Jadili. (Alama 10)

Majibu ya 2 na 3

2. Wastani wa bidhaa = (1,200,000 + 980,000) ÷ 2 = 1,090,000. Mzunguko = 3,000,000 ÷ 1,090,000 = mara 2.75 kwa miezi miwili. Usizidishe kwa sita kupata mzunguko wa mwaka. Miezi hii ni ya sikukuu, na mtahini anayejua biashara ataikata alama hiyo.

3. Deni lisilolipika ni gharama. Faida halisi = 750,000 − 150,000 = 600,000. Mtaji wa mwisho = 2,700,000 + 600,000 − 1,400,000 = 1,900,000. Hakiki: bidhaa 980,000 + wadaiwa 200,000 + taslimu 720,000 = 1,900,000.

Kwa swali la 4, anza kwa kutofautisha faida, taslimu na mtaji, kisha tumia takwimu. Jibu lisilo na takwimu hata moja mara chache huvuka alama 5.